Mstari wa Baba

Lushoto, 14 Februari 2016

Mwanangu Rosalia,

Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa nyumba hii unatangaza kifo cha redio, kilichotokea juzi jioni katikati ya taarifa ya habari. Marehemu aliingia kwetu mwaka 1983, akatumikia serikali ya awamu ya kwanza hadi ya tano bila kubagua. Nilimwekea betri mpya, hakuamka. Amelazwa kabatini, juu ya mashuka ya marehemu mama yako. Msiba uko kwangu. Mdogo wako Amosi amekataa kulia.

Haya, hujambo? Mjukuu wangu Lerato hajambo? Mimi mzima, ukiondoa macho, miguu na masikio. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu nasikia "haloo" tu, mengine nabuni.

Sasa sikiliza. Nilipomgeuza marehemu, nikakuta ameandikwa mgongoni: kiwanda alikotengenezwa, mji, namba. Nikaona wivu. Nina miaka sabini na saba, na nimeanza kuandika wasifu wangu, ule utakaosomwa kanisani siku mkinipeleka na sanduku, maana nikimwachia Amosi atasema nilipenda michezo. Nimefika mstari wa pili nimekwama. "Ni mtoto wa marehemu Biubwa na..."

Unajua ninachokijua. Mama yangu alikuwa mpishi kwenye kiwanda cha mbao cha Mjerumani mmoja, seremala, Wilhelm Hentschke. Vita ilipoanza mwaka 1939, Waingereza wakawakusanya Wajerumani, naye akapelekwa kambini Afrika Kusini. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Alisema ataandika. Mama aliingoja hiyo barua mpaka mwaka 1971, akafa.

Wewe uko huko, na huko nasikia wanatunza makaratasi. Nataka kujua jambo moja tu: kama aliwahi kunitaja. Kama alinitaja, namwandika. Kama hakunitaja, mstari ubaki mtupu. Siwezi kumlazimisha mtu aliyekufa awe baba yangu.

Baba yako,
Jeremia

*

Malvern, Johannesburg, 3 Aprili 2016

Baba mpendwa, shikamoo.

Pole kwa msiba. Sisi wazima. Lerato anakusalimu, amesema kwa Kiingereza, nikatafsiri, nikaongeza heshima kidogo.

Nilianza kwa kumweleza Jeannine, Mkongo anayesuka nywele mlango wa pili na duka langu la kushona hapa Jules Street. Alicheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu. "Ma Lerato! Batu bote banatafuta makaratasi ya kuishi, weye unatafuta muzungu wa kufa?" Lakini ndiye aliyeniazima viatu vya heshima vya kwendea kanisa la Wajerumani, mjini.

Katibu wa pale ni bibi wa Kijerumani, kama miaka themanini. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia, "Namtafuta babu yangu." Akanitazama rangi. Halafu akanitazama pua, ile uliyonirithisha. Akaenda kuleta kitabu. Pua hiyo, baba, niliyolia kwa ajili yake shule nzima, jana ndiyo iliyonifungulia kabati.

Kitabu cha mazishi kimeandikwa kama kuku wamepita na wino. Akanisomea: Hentschke, Wilhelm, seremala, ametoka Tanganyika, hakuoa. Alizikwa Juni 1974. Alikuwa amepanga chumba Kensington. Baba, Kensington ni mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa, unavuka robot mbili tu, yaani taa za barabarani. Nimeshona mapazia ya nyumba tatu za mtaa ule ule. Nilipita kuiona nyumba. Ina geti na mbwa. Nilipobisha, mbwa ndiye aliyenijibu.

Bado kuna kingine. Hapa mtu akifa hujaziwa fomu, na serikali huitunza. Fomu ina mstari wa watoto: wote waandikwe, wa ndoa na wa nje. Ya kwake iko Pretoria. Nitaiomba. Niandikie kila jina unalolikumbuka la pale kiwandani, nipate uhakika kwamba ndiye.

Mwanao,
Rosalia

*

Lushoto, 29 Mei 2016

Mwanangu Rosalia,

Marahaba. Tuko salama, mvua ni nyingi, na Amosi ameota kitambi.

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara ya saba nilimpa Amosi asome kwa sauti, nione kama itabadilika. Dakika ishirini! Mama yangu alikuwa akiuliza watu Afrika Kusini ni mbali kiasi gani, wakimwonyesha kwa mkono, hivi.

Majina haya hapa. Msimamizi wa wapasuaji aliitwa Vuai. Farasi aliitwa Liesel, na mama alisema alilishwa vizuri kuliko Vuai. Mjerumani mwenyewe alikosa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kililiwa na msumeno.

Na mimi sikukaa bure. Nimekwenda kanisani, nikaomba kitabu cha ubatizo. Mama alinileta misheni mwaka 1943, mwenyewe Mwislamu wa Pangani, kwa sababu misheni walikuwa na shule na uji. Nimepaona nilipoandikwa. Kwenye nafasi ya baba kuna kistari. Kifupi, mtu hata hakuchovya wino mara mbili.

Wasifu nimeutia kwenye bahasha ya kaki. Amosi anauzunguka kama paka. Nimemwambia humo mna mambo ya utoto wangu ambayo hata nyinyi wanangu hamyajui, na hamtayajua kabla ya siku yenyewe, maana lazima nibakize kitu cha kuwanyamazisha kanisani. Mstari wa pili peke yake ndio ulio wazi. Nimeacha nafasi ya vidole vinne, Hentschke ni jina refu.

Ukiipata hiyo fomu, usinipoze. Jina langu limo au halimo, basi.

Baba yako,
Jeremia

*

Malvern, 20 Novemba 2016

Baba mpendwa, shikamoo.

Natumai u mzima na macho yametulia. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kukaa kimya, kazi ilinizidi. Victoire, binti wa Jeannine, ameolewa, na gauni nimelishona mimi: mkia mita tatu, shanga elfu moja na zaidi, na bibi harusi aliyenenepa kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Tulifumua ubavuni mara mbili. Siku yenyewe mkia ulikanyagwa na mchungaji, ukachanika, nikaushona kanisani nikiwa nimepiga magoti, watu wakadhani nasali. Jeannine alilia, Lerato alipiga picha, chakula hakikutosha.

Kaburi nimelipata. Halina jiwe, lina namba.

Faili bado wanalitafuta.

Mwanao,
Rosalia

*

Lushoto, 6 Machi 2017

Mwanangu Rosalia,

Marahaba, nasi tunaendelea. Hongera ya gauni.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini na moja. Shahidi akianza kueleza sana habari za shanga, hakimu huweka kalamu chini.

Nasubiri.

Baba yako,
Jeremia

*

Lushoto, 17 Desemba 2017

Rosalia mwanangu,

Heri ya Krismasi kwako na kwa Lerato. Barua hii inaandikwa na Amosi, mimi nasema. Macho yamekwisha. Kifua nacho kimeanza maneno yake.

Sikulaumu. Nilikutuma kwa mtu mzito. Lakini mama yangu aliishi kwa kungoja barua kutoka huko huko uliko, na mimi nilikuwa nikimcheka.

Baba yako

*

Malvern, 11 Aprili 2018

Baba mpendwa, shikamoo.

Nakuomba ukae ndipo Amosi akusomee. Amosi, soma yote, usiruke.

Faili nililipata Oktoba 2016. Niliyokuandikia Novemba ilikuwa uongo. Ndiye, baba. Fomu ilijazwa na mama mwenye nyumba alimopanga. Ameandika kila kitu, mpaka kidole kilichokosekana, ambacho hakuna aliyeuliza. Kwenye mstari wa watoto ameandika hivi, Lerato amenisomea mara tatu: "Mmoja. Selemani. Mtu mzima. Tanganyika. Anwani haijulikani." Pembeni ameongeza kwa mwandiko mdogo kwamba marehemu alimtaja mtoto huyo kila siku mpaka mwisho.

Kila siku, baba. Na siye wewe.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi ile mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Ningekuandikiaje? Kwamba alikuwa na mwana, akamkumbuka, akamtaja, na mwana huyo ni wa mwanamke mwingine, labda wa Tanga, kabla hajaja kwenu? Ungeniuliza kama uliandikwa hata chini, hata kwa penseli. Niliigeuza na nyuma. Hukuandikwa.

Huyu Selemani nimemchukia mwaka mmoja na nusu, kama mke mwenza. Nikipasi nguo namsema. Jeannine ameniambia, "Weye umekuwa mugonjwa. Ambia papa yako, ni mutu mukubwa." Nimechelewa, lakini nimekuambia. Ulitaka yalivyo, ndivyo yalivyo. Acha mstari mtupu, baba. Mimi ninalo la kuandika kwenye wangu: ni binti wa Jeremia.

Nisamehe.

Mwanao,
Rosalia

*

Lushoto, 6 Mei 2018

Dada Rosalia, shikamoo.

Poleni huko, na sisi tumepoa kidogo. Najua bado unajilaumu kwamba paspoti ilikuwa haijatoka. Watu walielewa. Siku ile ya msiba nilikupigia simu, lakini haya ya leo hayasemeki kwa simu.

Baba alifariki tarehe 16 Aprili, tukamzika tarehe 19. Barua yako niliikuta kwenye sanduku la posta tarehe 27. Nimeisoma peke yangu, yote, sikuruka.

Kanisani mzee wa kanisa alifungua bahasha ya kaki mbele ya watu, kama baba alivyoagiza. Nakunakilia mistari miwili ya kwanza:

"Jeremia, ambaye mama yake alimwita Selemani, na akaitwa hivyo mpaka alipobatizwa akiwa na miaka minne. Ni mtoto wa marehemu Biubwa na"

Hapo akanyamaza. Watu wakadhani karatasi imechanika. Halafu akaendelea na habari za shule.

Nimekwenda kukiona kitabu cha ubatizo. Jina limo, Selemani, mstari ule ule wenye kile kistari. Baba alikiona kitabu hicho mwaka juzi, akatuandikia habari za kistari tu. La Selemani alikuwa analiweka ili atushangaze. Na sisi tuliuliza jina la mzungu, la msimamizi, mpaka la farasi. La kwake hatukuuliza, maana nani humuuliza baba yake jina? Wewe ulikuwa na fomu huko, mimi nina bahasha hapa, na mwenyewe alikuwa kitandani anauliza kama posta imefunguliwa.

Nimemwandika Hentschke kwa penseli. Nafasi ya vidole vinne imetosha. Lakini wasifu umeshasomwa.

Jana nilimpelekea fundi ile redio, nikitaka nyumba iwe na sauti. Hakuifungua hata skrubu moja. Betri zilikuwa zimewekwa kinyume.

Mdogo wako,
Amosi