Ngazi Tatu na Kopo la Rangi Nyekundu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Amejilaza kidogo baada ya chakula cha mchana, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika bila kuulizwa naandika nini. Hujambo? Mumeo na mapacha hawajambo? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hunikumbusha umri wangu kila ninapoinuka.

Barua yako imefika. Nimeelewa kwamba unataka mama yako ahamie kwako, na kwamba utamkatia tiketi mwisho wa mwezi huu kwa sababu macho yamepungua nguvu na nyumbani anaishi peke yake. Hoja yako ina haki. Yeye hataki kuondoka, hilo unalijua. Kabla hujakata tiketi, niruhusu nikueleze tulichofanya hapa, pamoja na jambo moja ambalo ameniomba nisikuandikie.

Unaikumbuka nyumba yenu: kuta za rangi ya maziwa, milango myeupe, sakafu ya saruji, na zile ngazi tatu za kushukia jikoni, nazo za saruji tupu. Kwako wewe ni nyumba safi. Kwake yeye ni ukungu. Daktari wa macho alitueleza kwamba presha ya macho imemwondolea uwezo wa kutenganisha kitu cheupe na ukuta mweupe ulio nyuma yake. Bado anaona, ila ni lazima kitu kijitenge na jirani yake. Nikauliza ni rangi gani ingemfaa. Mama yako akamwahi daktari: "Nyekundu. Hata kaka yangu akivaa ile fulana yake mbaya, namwona tangu mlangoni."

Basi nikanunua kopo la rangi ya mafuta, nyekundu iliyokoza, nikamwita fundi rangi, yule mrefu tunayemwita Ngazi kwa sababu hahitaji ngazi kufikia dari. Kwanza tulipaka fremu za milango, kisha mraba mdogo kuzunguka kila swichi. Kazi ikaenda vizuri. Tulipofika kwenye zile ngazi za jikoni, nikamwambia apake ukingo tu wa kila ngazi, upana wa vidole vinne.

Akaniangalia kama niliyemtukana. "Mzee, nipake ukingo niache katikati? Watu watasema rangi iliniishia."

Nikamwachia apake zote, juu na mbele. Nakiri zilipendeza. Nilisimama nikazitazama kama mtu aliyejenga hoteli.

Kesho yake asubuhi mama yako alianguka. Alikanyaga ngazi ya kwanza, ya pili hakuiona, akatua sakafuni kwa mkono wa kulia. Kifundo kiliteguka, hakikuvunjika. Alifungwa bandeji siku kumi, sasa anakunja ngumi bila maumivu. Hili ndilo aliloniomba nisikuandikie, akijua utakata tiketi siku hiyohiyo. Nimeona si haki uamue jambo kubwa namna hiyo huku umefichwa. Na kosa ni langu, si la macho yake, wala si la fundi, maana mimi ndiye niliyejua na nikanyamaza.

Nitakueleza lilivyotokea. Jicho lake halisaidiwi na wekundu wenyewe, linasaidiwa na tofauti. Ngazi tatu nyekundu zilizoshikana ni sawasawa na ngazi tatu za kijivu zilizoshikana: zinageuka mteremko mmoja. Tuliondoa ile rangi, ikarudi saruji, tukabakiza ukingo mwekundu peke yake. Sasa kila ngazi ina mstari wake. Fundi alimaliza kwa kununa. "Mtu akikuuliza kazi hii ya nani, mzee, mimi usinitaje."

Jambo jingine tulilojifunza: jua likishazama, nyekundu huwa miongoni mwa rangi za kwanza kuonekana nyeusi. Kwa hiyo taa ya jikoni huwashwa saa kumi na moja jioni, giza liwepo lisiwepo.

Vikombe vyeupe nimeviweka juu ya kabati. Alikuwa anamimina maziwa mpaka yanamwagika mezani, kwa kuwa hakuona yalipofika. Sasa anatumia vikombe vyekundu hata kwa ndani.

Mapazia mekundu ya sebuleni usinihesabie mimi. Nilimweleza kwamba pale dirishani hayana msaada wowote kwa macho. Alinijibu, "Kaka, umenigeuzia nyumba gari la zimamoto, nikanyamaza. Si kila kitu kiwe dawa. Na mimi nataka kupendezewa." Akayanunua. Nayo yamependeza.

Tangu ukingo upakwe ni wiki tatu. Kila asubuhi napita kabla ya saa moja, nakaa sebuleni kimya, namwangalia anavyoshuka. Hajapapasa ukuta hata mara moja. Lakini mimi ndiye niliyesifia zile ngazi siku moja kabla hajaanguka, kwa hiyo ushahidi wangu usikutoshe.

Ombi langu ni hili: tiketi ikate, lakini iwe yako wewe. Njoo, kaa sebuleni, usimwambie unamtazama, umwache ashuke jikoni akutengenezee chai. Akishuka vizuri, mwache kwake. Ukiona mguu wake unatafuta, mchukue, nami nitakusaidia kufunga mizigo yake bila kubisha.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha uwaambie babu yao anauliza kama wameshajua kufunga kamba za viatu. Shangazi yako mkubwa anakusalimu, pia mwalimu jirani. Mungu awalinde, awape usingizi mwema na riziki ya kutosha.

Wako akupendaye daima,
Mjomba wako