Kabula Kasimama

Mkolani, Jumapili, Agosti 1995

Tangu juzi walipomtoa plasta, mwanangu Kabula alikuwa hataki kukanyaga. Mguu aliouvunja alipoanguka mwambani umekonda, nami nikaanza kuogopa. Labda mama mkwe alisema kweli, ningempeleka kwa mganga wa mifupa badala ya hospitali.

Leo mama mkwe akaja, bado amenuna. Kabula akateremka kitandani, akapiga goti moja, mguu mbovu kaunyoosha pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Sasa utainukaje?"

Akashika kanga ya bibi yake, akainuka. Akapiga hatua, akacheka.

Anachechemea sana, na sijui kama...

Mama mkwe akasema, "Hospitali wamejitahidi," akaomba chai. Tangu mtoto aumie hakuwahi kunywa chai kwangu.