Hofu ya Lukaya Mezani, na Baba Mkwe Aliyehama

Mama Erina mpendwa,

Nakuandikia mtoto akiwa mgongoni na unga bado kwenye vidole, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke, nisaidie tu, maana nyumba yangu imepoa na aliyeipoza ni mimi, kwa mchezo wa mezani.

Nakaanga chapati kwenye steji ya boda, wanapongojea abiria wenye pikipiki, hapa Bwera, mume wangu Isa ni dereva wa lori, na tunaishi na baba yake, Mzee Ukasha, ambaye ndiye hushinda na mtoto wetu Siraj ili mimi nipate mikono ya kazi. Kwa kina Isa mkamwana hampi baba mkwe kitu mkononi wala haketi kumtazama uso kwa uso, basi asubuhi namweka mtoto mkekani, narudi nyuma, mzee anakuja kumchukua, na hivyo tumeishi vizuri tangu mtoto azaliwe.

Sasa, Jumamosi nikienda Kasese kununua unga hupitia ukumbi wa vijana, ambako mwalimu mmoja, Naome, anafundisha michezo ya vita ya mezani: unachora ramani ya vita vilivyopigwa kweli, unapanga vikosi, unatunga sheria, halafu watu wawili wanarusha dadu waone kama wangefanya vizuri kuliko waliokuwepo. Mimi niliachia sekondari mwaka wa pili, lakini mchezo huo niliupenda, kwa sababu hata mwili ukichoka kichwa changu bado kinataka kitu chake, na Naome akaniambia nitunge wa kwangu, ukiwa mzuri utachezwa siku ya maonyesho.

Nikachagua mapigano ya Lukaya ya mwaka wa sabini na tisa, Uganda ilipopigana na Tanzania, maana Mzee Ukasha alikuwa pale, askari kijana upande wa Uganda. Nilimuuliza mimi nikiwa jikoni yeye kibarazani, akanieleza yote, barabara moja katikati ya kinamasi, mafunjo huku na huku, roketi za Walibya waliokuja kuwasaidia zikipita juu, Watanzania wakikimbilia kwenye maji siku ya kwanza, na kesho yake wakarudi kwa pande mbili, wenzake mzee wakavunjika. Akaniambia mwenyewe, "Binti, siyo risasi iliyotushinda. Ni hofu." Alinieleza pia alivyombeba mwenzake Eridadi wa Kitswamba, aliyepigwa mguu, akapita naye kwenye mafunjo mpaka wakatoka, na huyo Eridadi mpaka leo kila Idi anatuletea mkungu wa matoke, lakini hilo sikuliweka kwa sababu mapigano yalikuwa yameisha.

Ubao nilichora kwenye katoni ya sabuni, mafunjo ni vipande vya mkeka, vikosi ni vizibo vya soda, na sheria ya hofu ni kwamba kikosi kikipigwa unarusha dadu, ikitoka namba ndogo kinakimbia. Mwanzoni pande zote mbili zilikuwa na hofu, ila mchezo ulikuwa hauishi, Watanzania wamejificha kinamasini na mtoto analia, basi nikawaondolea hofu wao, nikauachia upande wa Uganda peke yake.

Kuujaribu nikamwomba mzee acheze upande wake, na kwa kuwa Isa alikuwa safarini nikakaa mimi upande wa Tanzania, pale pale kwenye steji, wateja wakiwa wametuzunguka. Akashindwa. Akaomba tena, akashindwa tena, vizibo vyake vinakimbia tu, na Fidèle, dereva boda kutoka Butembo ambaye hana ubaya na mtu, akasema, "Afande, batu yako banakimbia tena. Tubaitie boda?" Steji yote ikacheka. Na mimi nilicheka, Mama Erina.

Mzee hakucheka. Alifuta mikono kama mtu aliyemaliza kula, akasema akiutazama ubao, siyo mimi, "Ondoa hofu kwenye mchezo huu, ama niondoke mimi."

Nilimjibu kwa adabu kwamba nikiiondoa itakuwa siyo Lukaya tena, itakuwa ludo. Kesho yake akapanda gari kwenda Kasenyi kwa binti yake Munirah, anakaa huko anatazama mitumbwi ya ziwani, na tukipiga simu anamuulizia mtoto halafu anakata. Kila asubuhi nikitandika mkeka Siraj anatambaa mpaka pale, anakaa kuangalia mlango. Isa anasema niondoe tu, ni vizibo. Mimi sitaki kuvisingizia vita, na mzee simtaki akae mbali. Maonyesho yamekaribia. Nifanye nini?

Shadiah, Bwera


Shadiah mwanangu,

Pole. Kukaanga, kunyonyesha na kupanga majeshi kwa kichwa kimoja siyo kazi ndogo. Sasa kaa vizuri nikuambie.

Hofu usiiondoe. Hapo una haki, na Isa mwambie nimesema hivi: vingekuwa vizibo tu, baba yake angekuwa nyumbani. Lakini mchezo wako umeshasema uongo, na wewe ndiye uliyeufundisha. Mzee alikuambia Watanzania nao walikimbia. Wewe ukawaondolea hofu ili mchezo uishe haraka. Kwa hiyo kwenye katoni yako kuna jeshi moja la watu na jingine la mawe, na mzee akakaa mbele za watu akaona kwamba katika kinamasi chote cha Lukaya walioogopa ni wao peke yao. Alikuomba uiondoe kwa sababu hakujua kuomba igawanywe.

Irudishe kwa wote. Mchezo ukirefuka, weka giza: zamu ulizopanga zikiisha jua limezama, kila mtu aweke dadu chini. Na Eridadi je? Nani alikuambia mapigano yalikuwa yameisha? Kwa aliyekuwa mgongoni yalikuwa hayajaisha. Tunga sheria kwamba kikosi kinaweza kukibeba kilichopigwa, kitembee nusu ya mwendo, na kila kitakachotoka kwenye mafunjo na mzigo wake kihesabiwe ushindi. Barabara upande wa Uganda unaweza kuipoteza, sawa, lakini mchezaji wake atakuwa na kitu cha kupigania.

Ila hayo ni ya ubao. La nyumbani ni zito zaidi. Wewe ambaye kwa heshima hata mtoto humpi mzee mkononi, uliketi mbele yake kwenye steji, ukamshinda mara mbili, na ukacheka. Ulijisahau kwa sababu ulikuwa unacheza. Yeye hakuwa anacheza. Fidèle ampigie simu aombe radhi leo hii, na ampigie kabla ya wewe kufika.

Isa ana lori, awapeleke Kasenyi. Beba mtoto, mkeka na ubao, lakini ubao uuache garini. Ukifika kwa Munirah usianze hotuba mbele ya wauza samaki. Tandika mkeka, mweke Siraj, rudi nyuma, ungoje. Akishamnyanyua, ndipo umwombe radhi kwa kile kicheko, umwambie hofu umeigawa, na kwamba unahitaji mtu wa kukuonyesha alipopita na Eridadi.

Siku ya maonyesho kaeni upande mmoja wa meza, wewe na yeye, macho yenu yote kwenye ubao. Watanzania awacheze Isa.