Kilichotoka Sikioni Mwako

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila salamu.

Uliondoka ukidhani umeondoka nacho. Dada, hukuondoka nacho.

Nakumbuka mafundi walipochimba shimo la choo nyuma ya nyumba yenu wakakuta kaburi la kale la mawe. Ukainama kulitazama, mara ukaruka umeshika sikio. "Mdudu tu, Tatu," ukaniambia, ukacheka. Wiki haikuisha, wewe uliyekuwa ukiona haya hata kuagiza chai hotelini, ukawa unasimama sokoni watu wanakusikiliza midomo wazi. Uliwataka wachukiane, wavuvi na wachuuzi, mtaa huu na ule. Wakachukiana.

Kisha homa ikakulaza. Ilipokuachia kidogo ukanieleza kwamba kiumbe kilichokuingia sikioni na wenzake walishuka ndani ya jiwe kutoka mbinguni, kabla binadamu hajakuwapo, na kwamba ulikuwa unayaona yote kiliyoyaona kwa macho ya waliokibeba. Ulimwona tajiri wa misafara akikagua minyororo ya watu. Ulimwona ofisa wa Kijerumani akisimamia kitanzi hapa hapa mjini. "Walidhani wanataka pembe, wanataka ardhi," ulisema. "Chenyewe kinataka hasira tu. Ndiyo chakula chake." Ukaniambia pia kwamba ukipita kwenye mashamba ya chumvi kinanyamaza, unajisikia ni wewe mwenyewe tena.

Hukuwahi kurudi huko.

Homa ilipokuua, nilikuosha mimi, dada. Nikakiona kikitoka sikioni mwako, cheupe, mfano wa ruba, kikateleza na maji hadi chini ya mlango. Nilipiga kelele. Wanawake wenzangu wakasema ni uchungu. Nje ya mlango alikuwa amekaa mumeo, kichwa sakafuni, analia.

Shemeji Rajabu! Yule asiyewahi kukemea hata kuku. Arobaini yako haijafika, akawa anashinda Miono akiwahimiza wakulima wawafukuze wafugaji. Nikachota maji ya chumvi kwenye chupa, nikamfuata. Nilimkuta uwanjani, vijana wamemzunguka, mapanga yamenolewa, naye anatabasamu kama ulivyokuwa ukitabasamu wewe siku zile za sokoni. Nikamwita: "Shemeji, njoo, nina habari ya nyumbani." Alipoinama kunisikiliza nikamkumbatia shingo kwa nguvu zangu zote, nikammiminia maji yale sikioni.

Alilia kwa sauti ambayo si yake. Kile kitu kikaanguka mchangani. Nikakisukumia kwa kijiti kwenye jiko la mama lishe, kikapasuka motoni. Rajabu akakaa chini, akawatazama wale vijana. "Tatu," akaniuliza, "mapanga haya ya nini?"

Laiti ningeweza kuishia hapa.

Aliwasihi waache. Akawaambia alichosema hakikuwa chake. Wengi waliona aibu, wakarudi makwao. Lakini wachache walikwenda, dada. Walichoma boma moja la wafugaji, na mzee aliyekuwa amelala ndani hakutoka. Walipokamatwa niliomba kuwaona. Niliwakagua masikio, mmoja mmoja, kwa tochi ya simu. Masikioni hamkuwa na kitu. Mmoja akaniuliza, "Unatafuta nini, dada?" Nikazima tochi.

Tangu siku ile silali vizuri. Nikikumbuka ulivyonisimulia habari za yule tajiri na yule ofisa, najiuliza ni wangapi waliosimama nyuma yao, masikio matupu, wakifanya kwa hiari yao.

Rajabu ananiuliza kila siku aliyemuua yule mzee ni nani, ni yeye au ni kile. Ila tumekubaliana kwenda kwa wafiwa, asimame mbele yao aseme ni yeye aliyewasha moto ule kwa mdomo wake. Wanaweza kumpiga. Wanaweza kutufukuza.

Pumzika, dada yangu. Mola akurehemu huko uliko. Nakuahidi hatakwenda peke yake. Nitakuwa ubavuni mwake mpaka wamalize kusema yote waliyo nayo.

Mdogo wako,
Tatu