Picha Inaganda Saa Saba

Jumatatu, 9 Juni 2025

Waifai imekatika tena. Nilikuwa namkalimania Awinja kwa video, yule mama kiziwi wa Malava mwenye mimba ya miezi saba. Yeye yuko kliniki, mimi hapa ofisini Kakamega. Nesi akauliza kama mtoto anacheza. Awinja akainua mikono kujibu — picha ikaganda. Iliporudi, nesi alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Nikamwambia bosi wetu, Mildred, ni Wanzala, mwenzangu wa ofisini, anapakua mechi kwa simu. Sikuwa nimeona. Nilikisia tu. Amemfungia waifai.

Jumanne, 10 Juni

Wanzala hayuko kwa mtandao, na bado unakatika. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kiti, akaitoa rauta nyuma ya kabati la chuma, akaitundika ukutani. Asubuhi yote safi. Saa saba ikakatika.

Wanzala anajua ni mimi niliyemsema, lakini hakuninunia. Afadhali angeninunia.

Jumatano, 11 Juni

Wanzala amekuwa akiandika saa kwa karatasi. Akaniita jikoni. "Quinter, hii kitu hukatikanga tu ukipasha chakula."

Nikacheka. Akasema nipashe obusuma wangu, ule ugali wa nyumbani, yeye atazame kompyuta. Nikawasha maikrowevu — mtandao huo, umeenda. Nikazima, ukarudi. Mara tatu hivyo. Maikrowevu ni yangu, niliiletea ofisi mwezi uliopita; kila saa saba huweka chakula nikarudi kwa kompyuta. Kati yake na rauta ni ukuta mmoja tu. Anasema inavuruga mawimbi ya waifai.

Nikamuuliza kama atamwambia Mildred.

"Ile ya kwanza ulimwambia wewe," akasema. Kwa upole tu.

Alhamisi, 12 Juni

Maikrowevu nimeirudisha nyumbani. Nimekula baridi.

Saa saba, Awinja tena. Nesi akauliza lile swali. Safari hii mikono yake niliiona yote, mpaka vidole: anacheza, usiku anamnyima usingizi. Nesi akacheka. Mimi nikafuta macho.

Mildred akasimama mlangoni. "Mnaona? Tangu tumfungie Wanzala, mtandao umetulia."

Wanzala alikuwa hapo hapo anakunja waya. Hakuinua kichwa. Nikafungua mdomo — simu ya Mildred ikalia, akaenda nayo ofisini kwake.

Sasa ni saa tisa. Mildred amemaliza kuongea, mlango wake uko wazi. Wanzala ameketi mkabala nami. Anaona naandika tu, siinuki.