Mistari ya Kalunde

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Siku ya nne tangu nichanjwe. Mafuta ya mbarika asubuhi, mafuta ya mbarika jioni. Mkono wa kushoto haulowi. Nyamizi alionya kwamba maji ya sabuni yatatoa masizi aliyoyapaka kwenye chale kabla ngozi haijayashika. Mistari sita juu ya mkono, kama ile iliyokuwa usoni mwa mama yake, Kalunde, dada yangu. Nyamizi ndiye anayewachanja wanawake wa Itetemia. Uso wangu aliukataa, akatazama mkono, akacheka. "Ngozi yako imekuwa karatasi, Mjomba. Nikate au nichane?" Hakuuliza kwa nini nazitaka chale hizi. Panauma. Afadhali paume.

Jumatano, 5 Agosti
Kuwasha. Kupona ni kubaya kuliko kukatwa. Nimekalia kiganja cha kulia nisijikune, mimi niliyewafundisha watoto miaka thelathini na mmoja kukaa wima.
Mke wa mwanangu ameiona mistari. Kwangu hakusema neno. Kwa mumewe amelisema kabla uji haujapoa.

Ijumaa, 7 Agosti
Yosefu, mwanangu, karani wa reli, mtu wa kalamu, anaamini nimekwenda kwa mganga. Eti naogopa kufa, nimechanjwa nikatiwa dawa. Nimekana. Hakusikia.
Mchana nilisinzia kitini. Nilipozinduka mkewe alikuwa ananisugua mkono kwa sabuni ya kufulia na gunzi. Gunzi la mahindi, kama inavyosuguliwa sufuria. Vigaga viwili vimetoka pamoja na masizi yake. Damu hadi kwenye kiwiko. Nimemwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtoto yeyote darasani. Sijuti. Mistari miwili itafifia, najua.

Jumapili, 9 Agosti
Wazee wa kanisa watatu, baada ya ibada. Wamekunywa chai yangu. Elia, niliyemfundisha mimi kusoma, amenieleza polepole kana kwamba mimi ni kiziwi: nikiri kuwa chale ni za uganga, nitubu, nitarudishwa kwenye Meza ya Bwana. Nisipokiri, nikizikwa hawatasimama kaburini. Ni neno moja tu, Mwalimu, alisema.
Nimewafukuza. Kwa hasira nilifunga mlango kabla hawajatoka uani.
Wananidai toba ya dhambi ambayo sikuitenda. Ile niliyoitenda, hakuna aliyeiuliza kwa zaidi ya miaka hamsini.

Jumatatu, 10 Agosti
Hasira haijaisha, ila sasa inanitazama mimi. Wangejuaje? Hata katika daftari hizi sijapata kuiandika. Basi iandike, mzee.
Wakati wa Wajerumani. Mwanafunzi wa misheni, shati jeupe, kiburi tele. Mwalimu wetu alituambia chale ni alama za washenzi. Kalunde alitembea kutoka kwetu Itetemia kuniletea asali. Wenzangu wakauona uso wake, wakacheka. Mwalimu akaniuliza huyu ni nani. Nikajibu ni mwuza asali, simjui.
Dada yangu mkubwa. Alinibeba mgongoni. Alisikia kila neno na hakunisuta. Alipiga goti mbele yangu, mbele yao wote, akasema, "Shikamoo, bwana."
Nami nikaitikia, "Marahaba."
Hakuja tena. Nilikua, nikaoa, nikapewa shule, na safari ya Itetemia ilikuwa ya asubuhi moja. Alipokufa nilituma rambirambi.

Alhamisi, 13 Agosti
Nimewaita wote: Elia na wenzake, Yosefu na mkewe, Nyamizi. Nimewaambia kama nilivyoandika. Lile jibu langu la simjui nililisema mara mbili ili asiwepo wa kusema hakusikia.
Mke wa Yosefu alitoka nje. Elia aliitazama kofia yake mapajani, mwishowe akasema hilo ni zito, lakini chale ni chale. Nusura nimrushie fimbo.
Nikamgeukia Nyamizi. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari.
"Mama alitusimulia siku hiyo, Mjomba. Alisema shati lilikukaa vizuri."
Basi alijua, hata alipokuwa ananikata. Nimelia mbele ya watu niliowafundisha. Na iwe hivyo.

Jumamosi, 22 Agosti
Vigaga vyote vimeanguka. Mistari minne imekaa, miwili ni kivuli tu. Nyamizi ameikagua, akasema hatarudia. Nikae nayo hivyo hivyo. Elia ametuma neno kwamba wazee bado wanashauriana. Washauriane. Sina tena nguvu ya kufika mlangoni.
Yosefu alirudi kutoka kazini mapema. Hakuvua hata koti. Alichukua kichupa cha mafuta bila kuombwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono. Alipaka akiikatiza mistari badala ya kuifuata. Mafuta mengi mno, mengine kwenye shuka.
Sikumsahihisha.