Mafuta ya Kijani Chini ya Macho

Diệp, uko wapi? Mama kanikuta nalia.

Yaani sikuwa nalia. Kitabu cha famakolojia kilinitia usingizi, nikapaka yale mafuta ya kijani ya mafua chini ya macho, kama bibi yako alivyotufundisha. Machozi yakamwagika mpaka ukurasa ukalowa.

Ndo Mama anaingia na bakuli la uji. Kaniangalia weee. Akasema, “Mwanangu, kama udaktari huutaki, acha. Baba yako niachie mimi.”

Diệp, kasema acha. Mama huyu huyu aliyelitangazia soko zima kwamba bintiye daktari.

Nikamwambia, “Ni mafuta tu, Mama.” Akanifuta uso kwa kiganja, akatoka.

Mafuta yamepoa kitambo. Bado nalia.